Dirisha Likifunguliwa: Mambo Saba ya Skolashipu, Tukianzia la Saba

Kila mwaka ujumbe ni ule ule kwenye magrupu ya WhatsApp: "Wadau, dirisha limefunguliwa, ombeni!" Na kila mwaka wapo wanaofika dirishani limeshafungwa, cheti mkononi, muhuri bado. Mwenzangu, mwaka huu tusikubali. Sogeza kiti nikuhesabie kwa kurudi nyuma, kutoka lile jepesi hadi lile linaloninyima usingizi kila ninapopewa barua za vijana nizisome.

7. Hivi jina lako ni nani hasa?

Swali la chekechea, lakini limewakwamisha watu na digrii zao. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, cha chuo kimemwongeza na babu. Nyumbani sote tunajua ni wewe. Ng'ambo hao ni watu watatu, na ufadhili ni wa mmoja! Nenda kwa wakili ule kiapo cha majina mapema, halafu ndiyo pasipoti ifuate. Ya Tanzania ni shilingi 150,000, kwa hiyo kibubu kianze kulia sasa. Kisha skani kila karatasi siku moja, kwa rangi, ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Flashi hupotea, na umeme wa steshenari una tabia ya kukatika siku ya mwisho.

6. "Tuma na ya kutolea"

Akitokea mtu anakuomba elfu hamsini "ya kufungulia faili", tena na ya kutolea, kimbia bila kuaga. Chevening hailipishi kuomba. Fulbright hailipishi kuomba. Mfadhili kazi yake ni kutoa. Akianza kupokea, ujue amebadilisha kazi.

5. Kiingereza chenye tarehe ya kuisha

Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu. Ni maziwa hayo, si asali. Usiyanunue mapema kwa kiherehere yakachachia kabatini. Na kabla hujalipa, kiulize chuo unachokitaka, maana vipo vinavyokubali barua ya chuo chako kuthibitisha kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza. Barua hiyo inaweza kukugharimu nauli ya daladala hadi kwa msajili na subira ya kukaa kwenye benchi lake.

4. Barua moja, wafadhili watano

Hapa ndipo tunapoumia. Mtu anaandika barua moja, anaisambaza kote kama kadi ya harusi, kisha anashangaa hakuna aliyekuja. Kila mfadhili ana lake rohoni, na lake hilo ameliandika wazi kwa anayesoma.

Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, inalipia shahada ya umahiri ya mwaka mmoja na inamtafuta mtu mwenye dalili za uongozi. Inataka saa 2,800 za kazi. Najua, umeshaanza kufunga ukurasa. Rudi! Gawanya kwa saa 40 za wiki upate wiki 70, yaani hata mwaka na nusu haifiki. Kazi ya kujitolea nayo inahesabika, kwa hiyo zile Jumamosi ulizowafundisha watoto wa mtaa hesabu bure zina thamani mbele ya watu wazima. Ziandike.

DAAD ya Ujerumani ni mzee wa mwaka 1925. Katika kozi zake za maendeleo anataka uwe na miaka miwili ya kazi, na mara nyingi shahada yako ya mwisho isizidi umri wa miaka sita. Hapo ndipo "nitaomba mwakani" ya miaka saba mfululizo inapokutana na hesabu. Fulbright ya Marekani ilianza mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha juzi tu, kwa imani kwamba mataifa yakibadilishana wanafunzi yataelewana. Basi usiwaandikie habari za maabara peke yake, waambie pia utawapelekea nini kutoka kwenu. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inakusomesha katika nchi mbili au zaidi, kwa hiyo jifunze kusema "nasikia baridi" kwa lugha mbili.

Na GPA, ndugu yangu! Vyuo vyetu vingi vya Tanzania hupima kwa 5, na 3.5 ni daraja la pili la juu, daraja la kujivunia. Msomaji wa kule aliyezoea kipimo cha 4 anaweza asikuelewe. Hakikisha transkripti ina maelezo ya madaraja mgongoni, na ukurasa huo nao uskaniwe. Nimeona watu wenye alama nzuri wakituma mbele bila nyuma.

3. Shikamoo Profesa

Shikamoo ya kwanza baada ya miaka minne isiwe na ombi ndani yake. Msalimu leo, mwambie umefikia wapi, muulize hali ya watoto. Ombi la barua ya mapendekezo lije baadaye, angalau miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho. Mwalimu huyo ana madarasa ya watu mia tatu na mitihani ya kusahihisha. Kumpigia saa nne usiku kwamba "Prof, dirisha linafungwa saa sita" ni kumwonea.

Halafu chagua anayekujua. Tunapenda vyeo sisi! Mkurugenzi asiyekufahamu atakusifu kwa utii na uvaaji nadhifu, na kamati itasoma hivyo hivyo: hakufahamu. Mhadhiri msaidizi aliyekusimamia utafiti wa mwaka wa tatu ataeleza jinsi ulivyorudi kijijini mara ya pili kwa sababu takwimu za kwanza hazikukuridhisha. Mtumie wasifu wako, rasimu ya barua, jina la kozi na tarehe, na umkumbushe mambo mawili matatu mliyoyafanya pamoja. Wiki mbili baadaye mkumbushe tena kwa adabu. Wazee hawakasirikii kukumbushwa, hukasirikia kuharakishwa.

2. "Ukirudi je?"

Swali la usahili hilo, na wengi hulijibu kama wanaaga msibani. Chevening inakutaka urudi kwenu kwa angalau miaka miwili. Viza ya J-1 ya Fulbright nayo ina sharti la miaka miwili nyumbani kabla hujaomba ukaazi kule. Usilichukulie kama adhabu. Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi 1952, mwaka uliofuata akawa anafundisha Pugu, na 1954 TANU ikazaliwa. Sikwambii uanzishe chama. Taja ofisi, taja wilaya, taja utakayefanya naye kazi. "Kulisaidia taifa langu" kila mtu anasema. "Maabara ya maji ya mkoa wetu ina mtaalamu mmoja" unaisema wewe tu.

1. Swali lako

Tumefika, na hapa naomba simu uiweke chini kidogo.

Barua nyingi ninazozisoma zinaanzia London. Zinasifu chuo, maktaba yake, maprofesa wake, kana kwamba chuo kimeomba kusifiwa. Swali la utafiti linakuja ukurasa wa pili, limekodishwa kutoka kwenye makala ya mtu mwingine.

Mkumbuke Wangari Maathai. Alipelekwa Kansas mwaka 1960 kwa mpango wa kina Kennedy na Mboya, akasoma biolojia, akaenda Pittsburgh, akapita Ujerumani, akapata udaktari wake Nairobi mwaka 1971. Digrii zote hizo, lakini swali lililomfanya tumjue alilikuta malishoni. Alikuwa akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe, akaona mito imebeba udongo na ng'ombe wenyewe wamekonda. Kupe hawakuwa peke yao tatizo. Ardhi ilikuwa inaondoka. Mwaka 1977 ukaanza upandaji wa miti wa Green Belt.

Wewe umeona nini? Ndilo ninalowauliza wote. Binti mmoja wa Kilwa aliniletea rasimu iliyoanza na "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma nje." Nikamuuliza mama yake anafanya kazi gani. Anaanika dagaa. Na mvua ikinyesha? Akanyamaza, kisha akaeleza kwa dakika ishirini bila kupumua: mchanga, nzi, harufu, ndoo zinazomwagwa, deni la mwenye boti linalobaki pale pale. Anataka kusoma teknolojia ya chakula, na hilo lote hakuliandika popote.

Alirudi baada ya siku tatu. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Mvua ya siku mbili mwezi Aprili humla mama yangu mtaji wa mwezi mzima."

"Sasa aya ya pili niweke nini?" akauliza.

Nikamwambia akamuulize mama.