Kifundishe Kituo Chako Uvivu

 Umejijengea kituo cha hali ya hewa: bodi ya ESP8266, kipimajoto, kikombe cha mvua kinachopinduka kila kikijaa, seli uliyoichomoa kwenye betri ya laputopu kuukuu, na sola isiyozidi daftari kwa ukubwa. Umekifunga kwenye mti ukingoni mwa chai. Majirani wamekuja kukitazama, mmoja amekupiga picha nacho. Kesho yake mchana kimezimika.

Usifadhaike, na usikimbilie dukani kununua betri kubwa. Nina njia tisa za mkato. Zinafaa kwenye nyanda za chai za Kenya, Litein, Mogogosiek, Silibwet na kokote ambako asubuhi ni jua na alasiri ni ngurumo.

1. Pima kabla hujagusa

Ukifungua boksi kwa bisibisi kabla ya kupima, kila anayekutazama anajua umekwama. Toa multimita kwanza. Pima seli kituo kikiwa kimetulia, kisha iache mita hapo hapo usubiri kianze kutuma data.

Niliwahi kushika seli iliyosoma volti 3.9. Bodi ilipowasha Wi-Fi, namba ikaporomoka hadi 3.0, bodi ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Mwenye kituo alikuwa ameshaandika programu upya mara nne, na programu haikuwa na kosa lolote. Seli ilikuwa imezeeka. Seli mzee hujikaza ikiwa imepumzika. Mpe mzigo ndipo umjue. Dakika tano za kusubiri zitakuokolea wiki nzima, na heshima yako itabaki palepale.

2. Kilaze

Kituo chenye bidii hufa mapema. ESP8266 ikiwa macho na Wi-Fi yake hula miliampea 80 hivi. Seli ya miliampea-saa 2,400 inamalizwa kwa saa 30. Ndiyo maana chako hakikuvuka siku ya pili.

Sasa kiamshe kila baada ya dakika 10, kipime na kutuma kwa sekunde 5, kisha kirudi usingizini. Wastani unashuka chini ya miliampea moja, na seli ile ile, kwa hesabu, inavuka miezi minne hata jua lisipotoka. Kumbuka tu kuunganisha pini ya D0 na pini ya RST, la sivyo kitalala kisiamke. Ni waya wa sentimita tatu. Joto la Kericho halibadiliki kila sekunde, kwa hiyo upande wa joto hakuna unachokosa.

Kama umejenga kwa Raspberry Pi, kama vile baadhi ya vituo vya 3D-PAWS ambavyo sehemu zake huchapishwa kwa printa ya 3D na ambavyo vimefungwa pia hapa Kenya, jua kwamba kompyuta hiyo hula mamia ya miliampea na haijui kulala hivi. Usishindane nayo. Ivutie stima ya nyumbani, betri ibaki ya kusaidia stima ikipotea.

3. Mfukuze mwizi asiyelala

Umekilaza na bado seli inaisha ndani ya wiki mbili? Kuna mwizi, na mara nyingi ni wawili: taa ndogo nyekundu ya bodi, na regyuleta ya AMS1117 iliyokuja nayo. Kwa pamoja hunywa miliampea kadhaa usiku na mchana, mara nyingi zaidi ya kituo chenyewe. Isitoshe, regyuleta hiyo huhitaji ziada ya zaidi ya volti moja ili itoe 3.3, wakati seli ya lithiamu ikijaa kabisa ina 4.2 tu. Ikishuka kidogo, bodi inayumba hata kama seli bado ina nguvu. Weka regyuleta inayokula mikroampea chache na inayoweza kutoa miliampea 500, kisha ing'oe taa.

Najua unaipenda ile taa. Mgeni akija anataka kuona kitu kinawaka, na wewe unataka aone. Basi weka kitufe: ukikibonyeza, taa inawaka sekunde kumi, mgeni anaridhika, inazimika.

4. Usinunue namba

Sokoni utaona seli za 18650 zimeandikwa miliampea-saa 9,900 kwa herufi za dhahabu. Ziache. Seli ya kweli ya ukubwa huo kwa kawaida haivuki 3,600 hivi. Nenda kwa fundi wa laputopu, mwombe betri iliyokufa, ifungue taratibu: mara nyingi seli moja au mbili ndizo zilizoharibika, zilizobaki ni nzima. Iliyoshuka sana chini ya volti 2.5 au iliyovimba usiifufue; inaweza kushika moto.

5. Sola itazame mashariki

Hapa ndipo vitabu vya ng'ambo vinapotupoteza. Vinasema elekeza sola kusini au kaskazini. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu lina ratiba yake. Asubuhi kuna mwanga. Mchana upepo unaotoka Ziwa Viktoria unapanda na kukutana na upepo wa mashariki juu ya milima, mawingu yanafunga, mvua inashuka. Sola inayongoja jua la alasiri Kericho inangoja wingu.

Ielekeze mashariki, iinamishe kidogo ili mvua iioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Kituo kinacholala kinahitaji miliampea-saa 17 hivi kwa siku. Sola ya wati moja hukusanya kiasi hicho kabla chai ya saa nne haijachemka.

6. Acha maji yatoke

Utataka kuziba boksi lote kwa gundi ili lionekane la kiwandani. Usizibe chini. Usiku wa baridi unyevu hugeuka matone ndani, na boksi lisilo na tundu huwa kisima. Toboa vitundu viwili chini, vifunike kwa wavu ili sisimizi wasihamie. Kila waya ushuke kwanza chini ya boksi kisha upande kuingia, tone lidondokee nje. Vile vipakiti vya chembechembe unavyokuta kwenye maboksi ya viatu viweke ndani, uvibadilishe kila vikilowa. Springi za kishikio cha seli zipake mafuta ya mgando kidogo. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, umepata ugonjwa: sugua kwa tupa ya kucha au msasa laini, paka mafuta, funga. Vituo vingi vinavyoitwa vibovu vinapona hapo.

7. Modemu ilishwe karibu

Kama Wi-Fi haifiki shambani na unatumia laini ya simu, SIM800L itakutesa. Inapotuma, kwa kitambo kifupi huvuta hadi ampea 2, nayo haivumilii volti chini ya 3.4. Waya mwembamba wa mita tatu unaua nguvu hiyo njiani. Weka waya mnene na mfupi, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu ya modemu. Kisha kusanya vipimo sita, utume mara moja kwa saa. Bando litadumu, na seli pia.

8. Kife kwa heshima

Kuna wiki mawingu hayafunguki, na kituo chochote kinaweza kuishiwa. Kipange kishindwe vizuri. Kila kikituma joto na mvua, kitume pia volti ya seli yake. Ikishuka chini ya 3.5, kipime kila saa badala ya kila dakika 10. Ikishuka chini ya 3.3, kiandike kwenye kadi yake ya kumbukumbu na kinyamaze. Hapo utaona kifo kinakuja siku tatu kabla, utapanda na seli nyingine mfukoni, na majirani wataamini kwamba kituo chako hakijawahi kuzimika.

9. Weka kopo

Karibu na kituo hicho cha kisasa, mahali pa wazi, weka kopo lenye pande zilizonyooka, na rula. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya Idara ya Hali ya Hewa husoma mvua, pima, andika, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kituo kikizimika, kopo linakuzibia pengo, na hakuna atakayejua.

Nawe usijaze pengo kwa njia nyingine. Kama hukupima, usiandike sufuri. Sufuri ni kusema kwamba mvua haikunyesha, na atakayesoma daftari lako atapanga mbolea yake kwa neno hilo. Acha nafasi wazi.

Nakusisitizia haya kwa sababu nyanda hizi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walifikia kurusha iodidi ya fedha mawinguni ili kuipunguza. Huku mkulima mdogo ana ekari mbili, na mawe hayagawi sawa: ukingo huu unachanwa majani yote, ule wa ng'ambo ya mto hauguswi. Anayejua kilichoanguka shambani mwake, saa ngapi na kiasi gani, ni yule aliyekuwa na kipimo papo hapo, kikiwa hai.

Basi kiache kilale asubuhi yote, sola ikishiba jua la mashariki. Saa nane mchana anga likiwa jeusi na mawe ya kwanza yakigonga mabati, kitaamka na seli iliyojaa.