Chifu, Mchungaji na Pointi za Klasta: Barua ya Wazi kwa KUCCPS

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
KUCCPS, Nairobi.

Mheshimiwa,

Sisi wazazi wa Meru na Embu tuna shtaka zito: mashine yenu ya kuwapangia wanafunzi vyuo haina adabu. Haimwamkii mtu, haiulizi mtoto ni wa nani.

KCSE ikitoka, ukoo mzima huingia kazini. Chifu anapiga muhuri barua ya tabia njema. Mchungaji anaandika kwamba kijana hajawahi kukosa kesha. Shule inatoa cheti cha ukiranja, cha mbio za nyika, na cha kwaya iliyofika ngazi ya kaunti. Mjomba anayefahamiana na MCA anaombwa "asukume kidogo". Bahasha ikishanenepa tunaipeleka saiba, tunalipa shilingi 1,500 zenu, tunafungua tovuti, na kumbe hakuna pa kuiweka! Mnachotaka ni nambari ya mtihani, mwaka na kozi alizochagua.

Hata wazee wa baraza la Njuri Ncheke hamwaachi salama. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimesimama Nchiru juu ya ardhi iliyotolewa na wazee hao, lakini leo mzee wa Njuri akimwandikia mjukuu wake barua, haimpi hata nusu pointi ya kuingia hapo. Wenzenu Marekani wana heshima. Harvard wanasoma insha, wanasoma barua za walimu, na wanataka kujua kama baba alisoma palepale. Baba! Sisi baba zetu wapo tayari kuulizwa.

Kwenu ni hesabu tupu. Kwa fomula tunayokadiria nayo mashuleni, alama za masomo manne ya klasta, yaani yale ambayo kozi inayadai, zinagawanywa kwa 48, za masomo saba kwa 84; majibu yanazidishwa, kinatafutwa kipeuo cha pili, kisha mnazidisha tena kwa 48. Mwenye 32 za klasta na jumla ya 49 anaangukia chini kidogo ya 30. Kama angepanda kutoka B- hadi B katika fizikia, angeongeza takriban robo tatu ya pointi. Ukiranja haumwongezei kitu. Kwaya pia. Kuwa mtoto wa mheshimiwa ni sifuri vilevile, na hapo tunampa mheshimiwa pole zetu.

Basi tukakubali yaishe: msaada wa kweli ni fizikia. Tatizo ni kwamba fizikia haipatikani kwa chifu. Kuna shule za kutwa huku Mbeere ambako maabara ni meza moja na kabati lililofungwa, na ufunguo anao mwalimu aliyehamishwa. Mtoto anachagua masomo akielekea kidato cha tatu, na fizikia anaiacha kwa sababu hakuna wa kumfundisha. Siku hiyo uhandisi umemponyoka, na mashine yenu isiyopendelea mtu haijawashwa bado. Mwenzake wa shule ya kitaifa amekwisha kuvunja bika tatu.

Msaada wa pili ni kuwa na mwalimu nyumbani. Mtoto wa mwalimu anajua kutazama pointi za mwisho zilizoingiza wanafunzi mwaka uliopita. Anajua kozi ileile inaweza kudai pointi nyingi Nairobi na chache Nchiru au Embu, na anapanga chaguo zake kwa hesabu hiyo. Mwenye pointi sawa na zake, asiye na wa kumwambia, anajaza udaktari toka juu hadi chini kwa imani, halafu anashangaa kupelekwa kozi ambayo hajawahi kuisikia.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ndiyo mama yenu, inawataka mzingatie usawa kwa wanafunzi wote, wakiwemo wa maeneo yaliyosahaulika. Sasa ukiitazama Embu kutoka Nairobi ni kaunti moja yenye majani chai. Mtoto wa Manyatta anayaona hayo majani dirishani. Wa Kiritiri anawaona mbuzi wakitafuta kivuli. Mnawatofautishaje?

Ombi letu ni dogo. Kwenye tovuti, chini ya nambari ya mtihani, ongezeni swali moja: "Je, shuleni kwenu mlikuwa na mwalimu wa fizikia? Ndiyo au Hapana." Msiombe barua ya uthibitisho. Mkiiomba, chifu ataipiga muhuri kwa wote, hata wale wa shule za kitaifa.

Wenu mtiifu,
Mzazi, Runyenjes