Kumpata Mfasiri wa Kiarabu Ukiwa Ikoma

Ndugu mgeni, umefika Ikoma na kitabu cha Kiingereza cha anthropolojia kwapani, unataka kisomwe Cairo na Muscat kwa Kiarabu. Karibu sana. Nyumbu, msimu wao ukifika, utawaona kijijini Robanda bila hata kulipa getini. Mfasiri ndiye wa kutafutwa kwa tochi.

Anzia Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Taja Kiarabu kwenye kibanda cha chai, watajitokeza kabla chapati haijaiva. Wa kwanza amesoma madrasa, na akisoma kwa tajwidi mwili unasisimka. Mpe heshima yake, mkataba usimpe. Wa pili karudi kutoka Uarabuni alikokuwa akifanya kazi za ndani. Kiarabu chake ni cha jikoni na sokoni, tena kinatiririka, ila sura ya tambiko haijawahi kumpitia mdomoni. Mnunulie soda, muagane vizuri.

Wa tatu ndiye hatari. Ana kompyuta mpakato na bei ya kutupa: kurasa 200, kesho asubuhi. Muombe ukurasa mmoja tu, ule wa marika, kisha mpe mtu mwingine aurudishe Kiswahili bila kukiona kitabu. Kiingereza hutumia neno lilelile kwa kizazi cha watu na kwa ufuaji wa umeme, kwa hiyo usishangae wazee wa rika wakirudi wakiwa mitambo ya jenereta. Na Machaba, pembe za ndovu wanazozienzi Waikoma, ambazo masimulizi yao husema walizipata kwa mtabiri wa Kitatoga, zitakuwa zimegeuka bidhaa ya dukani. Kwa eneo lililopakana na hifadhi, huo si ukurasa wa kukutwa nao mfukoni.

Atakayekwambia Waarabu hawaijui anthropolojia, mwache aendelee na chai yake. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alifundisha Cairo miaka ya 1930, mwenzake Radcliffe-Brown akafundisha Alexandria miaka ya 1940. Istilahi zipo siku nyingi. Mfasiri asiyezijua atazibuni upya, kila sura na zake.

Ukikwama, waulize Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) Dar es Salaam, au vyuo vya Zanzibar vinavyofundisha Kiarabu. Lakini muhuri wa mfasiri usikulevye: anayetafsiri cheti cha kuzaliwa bila kosa anaweza kuzama kwenye ukurasa wa kwanza wa mambo ya koo.

Sasa lile ambalo wageni wengi hulisahau. Mara nyingi mzee alisimulia kwa Kiikoma, msaidizi akaandika kwa Kiswahili, mtafiti akachapisha kwa Kiingereza. Kiarabu chako ni mkono wa nne, na mzee hajaulizwa tena tangu ule wa kwanza. Mwaka 2003 kilitoka kitabu alichohariri mwanahistoria Jan Bender Shetler, chenye historia za Mara ya Kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Mpe mfasiri wako akisome kabla hajagusa kalamu. Kisha nauli yake ya kwenda Robanda, akakae na wazee, iandike kwenye bajeti juu ya posho yako.