Jinsi ya Kuchagua Ubao wa Nyuma ya Vigae Utakaodumu Mpaka Wageni Waondoke

Papa, umejenga Mulungwishi. Tofali umezichoma mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, bati limekaa, na sasa mama watoto anataka bafu la vigae kama la dada yake wa Likasi, ili hata wageni wa misheni ya Wamethodisti wakiingia kunawa, wakawie kutoka. Hongera. Fuata hatua hizi.

1. Anza na rangi. Nenda Likasi, chagua kigae kinachong'aa kuliko vyote, maliza pesa yote hapo. Kitakachokishika ukutani utakifikiria baadaye. Nani amewahi kusifiwa plasta?

2. Usiutazame ukuta ulio nao. Umesikia kwamba Marekani hufunga ubao wa saruji nyuma ya vigae. Usiulize sababu, maana utaambiwa nyumba zao nyingi ni fremu za mbao, na hamu ya kununua itakuisha. Agiza ubao upite mpakani Kasumbalesa, lori likae foleni, pembe zivunjike njiani. Ukifika, upigilie juu ya tofali ambazo hazikuuhitaji.

3. Bei ikikushtua, chukua jipsamu ya dari. Ni nyepesi, hukatwa kwa kisu, na bafuni hunywa maji kimyakimya mpaka ilegee. Tripleksi nayo haina neno: ikilowa hufura, ikikauka hunywea. Kigae hakijui ngoma hiyo, kitapasuka.

4. Fundi akitaka kuacha nafasi ya milimita 3 kati ya ubao na ubao, kuziba viungo kwa utepe wa wavu, kisha kupaka dawa ya kuzuia maji, mwambie anataka kukula pesa. Ubao wa saruji hauozi, inatosha. Maji yatapenya, kweli, lakini yatakuwa nyuma yake, na huko wageni hawafiki.

5. Ukishindwa kabisa ukarudi kwenye plasta, chukua mchanga na tope lake. Usiutikise na maji ndani ya chupa: ukitulia, tope litaonekana limekaa juu ya mchanga, na utalazimika kuuosha. Sawazisha plasta iwe laini kama kioo, gundi ikose pa kung'ang'ania. Bandika kesho yake. Fundi atasema, "Papa, tungojee kidogo, simenti hukomaa hadi siku 28." Mjibu kwamba wageni wanakuja Jumapili.

6. Siku ya kupokea kazi, usigonge vigae kwa ufunguo. Kinachotoa sauti ya debe tupu kina uwazi nyuma yake. Washa muziki, lipa, piga picha. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Wakaidi wasiotaka mwongozo huu wana njia yao. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma hupiga plasta ya sehemu moja ya simenti kwa nne za mchanga safi, huikwaruza ingali mbichi, huimwagia maji siku za mwanzo na kuiacha ikomae, kisha hupaka dawa ya kuzuia maji kabla ya gundi. Ubao wa saruji huununua kwa ukuta wa fremu ya mbao tu. Jipsamu huiacha darini. Pesa ikipungua, hupunguza urembo wa kigae, hawaigusi plasta. Wageni wao husifu kidogo, ila vigae haviwaangukii.