Mhadhara wa Bingwa: Namna ya Kuchagua Glaida ya Mtumba

Waheshimiwa waalikwa, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliojibana karibu na mlango mkidhani sitawaona:

Nimeombwa nizungumze nanyi leo. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, na baada ya kulitafakari ombi hilo nikajikubalia. Mada yetu ni glaida, ile ndege isiyo na injini, ya mtumba, yenye kiti kimoja, kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza.

Mtauliza nina cheti gani. Sina, kwa kuwa wa kunitahini hajazaliwa. Nimeruka peke yangu mara moja, dakika sita kamili, na humo nikavuna elimu ambayo wengine huitafuta kwa saa elfu. Isitoshe, naishi hapa Poppenhausen, chini ya mlima Wasserkuppe wenye mita 950. Huko juu ndiko Wajerumani walikoanza mashindano ya glaida mwaka 1920, walipokuwa wamebanwa na Mkataba wa Versailles katika mambo ya ndege za injini. Kiwanda cha Schleicher kiko hapa hapa tangu 1927. Mtasema kukaa jirani na msikiti hakumfanyi mtu kuwa imamu. Sawa, lakini adhana naisikia!

Kanuni yangu ya kwanza: usimwulize mtu. Wazee wa klabu wana wivu. Nilipowaambia nataka kununua, walinishauri Ka 6 au K 8, kazi za Rudolf Kaiser za miaka ya 1950, zenye mabawa ya mbao. Ni ndege pole, wakasema, zinamsamehe mwanafunzi. Ila mkaguzi aichunguze gundi kwenye maungio, kwa maana unyevu wa miaka mingi huila kimyakimya. Mimi nipande mbao? Nimetoka Tanga, ngalawa nimezipanda za kutosha.

Nikataka faibaglasi. Zipo za mwishoni mwa miaka ya 1960, kama Standard Libelle, Standard Cirrus na ASW 15, na ipo LS4 ya mwaka 1980, ambayo uwiano wake wa kuteleza ni kama 40. Maana yake, hewa ikitulia, ukishuka kilomita moja unakuwa umesonga mbele kilomita 40. Ka 6 ni kama 30 tu. Nilikutana na moja, jina lake nalihifadhi, iliyoahidi 38, na mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Baadaye ndipo nilipogundua, kwa utafiti wangu binafsi, kwamba tofauti hiyo humfaa anayejua hewa moto inapopandia. Asiyejua hutua kwenye viazi vya watu kwa uwiano wowote ule.

Kanuni ya pili inahusu rangi. Ndege ile iling'aa kama viatu vya bwana harusi. Muuzaji alikuwa ameisugua nta asubuhi ile ile, nami nikamsifu kwa usafi. Chini ya nta kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimetapakaa kwenye mabawa yote mawili. Hilo ganda jeupe la juu huchoshwa na jua na baridi, na kulikwangua lote na kulipaka upya kwaweza kugharimu kuliko ndege yenyewe. Basi ukienda kukagua, lala chali chini ya bawa, umulike kwa tochi ya upande. Mimi nilitazama nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama waziri anayekagua gwaride.

Kanuni ya tatu: kaa ndani. Vaa parachuti, funga mikanda, shusha kifuniko cha kioo, ukae saa nzima. Ukishindwa kuinyoosha miguu hapo chini, huko juu hakitarefushwa kiti kwa ajili yako. Kisha soma kibao cha uzito. Katika nyingi za aina hii, rubani na parachuti yake wasizidi kilo 110 hivi. Na aliye mwembamba mno huongezewa vipande vya risasi. Mimi na parachuti yangu tulifika 118. Nikaona kibao kimekosewa.

Kanuni ya nne: soma makaratasi. Yasome yote, hasa yanayotaja ajali na matengenezo, na uangalie tarehe ya ukaguzi wa mwaka. Nilipewa faili nene, nikafurahia unene wake. Nikalifunga, nikarudi kwenye ndege, na juu ya kifuniko cha kioo nikakuta kipande cha uzi wa sufu kimebandikwa. Nikakibandua nikidhani ni uchafu. Kumbe ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote: humwonyesha rubani iwapo ndege inakwenda upande, na hakiishiwi betri.

Sasa kanuni ya tano, ambayo wazee wa klabu waliitaja mapema nami nikacheka: nunua tela nzuri, ndege iwe nyongeza. Kila bawa lina mita saba na nusu. Yote hulala ndani ya tela, na kila siku ya kuruka huunganishwa upya. Mmoja ashike ncha ya bawa, mwingine shina lake, wa tatu kiwiliwili kisiyumbe, kisha pini ziingie na kila kiungo cha usukani kikaguliwe na jicho la pili. Hapo bado wa kuendesha winchi, wa kukimbia na bawa wakati wa kuondoka, na wa kuja na tela kukutoa kwenye viazi. Nimepiga hesabu: watu sita, ili mmoja akae peke yake angani. Mchagua nazi, waungwana, hupata koroma. Lakini koroma langu hata kulifua nahitaji ujirani.

Maswali mtaniuliza njiani. Tela yangu imezama matopeni nyuma ya ukumbi huu, na tairi la kushoto halina upepo tangu masika. Naomba watu wanne wenye mabega. Na wewe bwana uliyecheka niliposema kilo 118, utashika ncha ya bawa. Taratibu tu, usiifute ile nta.