Waraka kwa Mshereheshaji Aliyeniita Manajeresi

Ndugu Mshereheshaji,

Sherehe yetu ya Tunduma uliiongoza vizuri, na sauti yako iliwafikia hata waliokosa viti. Ninaloliandikia ni jina uliloniita. Kwenye karatasi niliyokukabidhi kwa mkono wangu niliandika "Meneja". Zamu yangu ilipofika ukasema "manajeresi wetu". Mkuu wa shule aliyetoka Vwawa akawa "hedimistresi", mwenyekiti wa kikoba akawa "chealedi". Wanaume wa meza ileile uliwasoma kama walivyoandikwa.

Naamini ulitaka kutupamba. Lakini pambo hilo la mkia wa kike Waingereza wenyewe wanalivua. Kwenye ndege siku hizi wana jina moja la mhudumu, awe wa kike au wa kiume. Sisi hatukuwahi kulihitaji pambo hilo. Kiarabu kina muallim na muallima, wakil na wakila. Kiswahili kilichukua mwalimu na wakili, kikawapa wote. Mkoa wetu wa Songwe ulipoanza mwaka 2016, aliyeuongoza kwanza ni Chiku Gallawa, nasi tukamwita Mkuu wa Mkoa. Anne Makinda alikalia kiti cha Bunge mwaka 2010 akiitwa Spika. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapa kuwa Rais, na hata wewe, kaka yangu, hukulitafutia mkia jina hilo.

Kinachoniuma zaidi ni pale majina ya namna hii yalipoota mizizi. Baamedi. Hausigeli. Mwanamke mwenye wajukuu, anayepika na kufua nyumbani kwa watu, bado ni "geli". Mwenye kusimamia baa ana cheo. Anayezunguka na trei hadi usiku wa manane anatajwa kwa uanamke wake kwanza. Kazi ikiwa ya chini, jinsia inatangulia. Ukiniita manajeresi unanisogeza upande huo, na wasichana waliokuwa wakihudumia vinywaji ukumbini walikusikia.

Nyaraka za mizigo ninazosaini pale Kituo cha Pamoja cha Tunduma na Nakonde hukaguliwa na maofisa wa Tanzania na wa Zambia. Nikikosea tarakimu moja, lori linalala foleni na mteja ananidai mimi. Sijawahi kupunguziwa lawama kwa kuwa ni mwanamke. Basi na cheo nipe kizima.

Mwezi ujao nimealikwa tena, na nimeambiwa kipaza sauti ni chako. Karatasi nitakuletea mapema, kwa herufi kubwa. Mwenyekiti wa kikoba ameniomba nimwandikie na cheo chake.

Wako,
Meneja, ofisi ya uwakala wa forodha, Tunduma