Misingi ya Uchakavulojia: Tone la Oili katika Injini za Dizeli Zilizokula Chumvi

Mwanafunzi, zima simu, kaa wima, toa kalamu. Somo la leo halirudiwi.

Fasili ya Kwanza. Uchakavulojia ni taaluma inayochunguza jinsi chuma kinavyokwisha polepole kwa kusuguana na chuma chenzake, kwa kuyasoma mabaki yake ndani ya oili. Inakili kama ilivyo. Wapo wanaosema oili ni damu ya gari. Kauli hiyo imepigwa marufuku katika darasa hili. Damu haimwagwi yote kila baada ya kilomita 5,000, ikatiwa nyingine ya dukani, na mgonjwa akaondoka akipiga honi.

Fasili ya Pili. Injini ya dizeli huhesabiwa kuwa kongwe si kwa miaka yake bali kwa dalili tatu za kijamii: fundi anaitambua kwa mlio kabla hajaliona gari, mwenyewe huisifu mbele ya wageni bila kuulizwa, na neno “bado” halikosekani katika sentensi yoyote inayoihusu. Bado ina nguvu. Bado haijashushwa. Kielelezo chetu ni 1HZ ya Toyota, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Mwanafunzi atakayetaka kielelezo kipya zaidi ahamie idara ya umeme.

Historia ya ulimwengu, kwa mtazamo wa taaluma hii, ina enzi mbili tu. Enzi ya Giza ilianza mwaka 1897, Rudolf Diesel alipofanikiwa kuiendesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani. Enzi ya Nuru ilianza mwaka 1946, pale maabara ya reli ya Denver & Rio Grande Western, huko Marekani, ilipothibitisha kuwa madini yaliyomo katika oili iliyotumika yanaweza kuyafichua maradhi ya injini ya treni hata kabla haijafunguliwa. Vitabu vya shule huupa mwaka 1946 mambo mengine. Huo ni uzembe wa waandishi. Katika miaka ya 1950 Jeshi la Majini la Marekani likaichukua mbinu hiyo kwa ajili ya ndege zake. Diesel mwenyewe alitoweka melini mwaka 1913 akiwa njiani kwenda Uingereza, asijue hata siku moja oili ya injini yake ilikuwa na chuma kiasi gani. Watu huona msiba wa mwisho ule mahali pengine. Sisi tunauona hapo.

Kabla ya maabara yalikuwapo, na kwenye gereji za Gerezani na Grogan yangalipo, madhehebu ya kale ya kidolojia. Mkidolojia huchomoa dipstiki, huifuta kwenye suruali, huichovya tena, kisha huisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada huku akitazama mbali, upande usio na kitu chochote. Kutazama mbali ni sehemu ya kipimo. Aliyewahi kumwona fundi mzuri akisugua oili huku akiitazama oili yenyewe alete ushahidi. Madhehebu haya yana matawi manne. (a) Kidolojia-msuguo, inayotafuta mchanga na chenga. (b) Kidolojia-mnuso, inayotafuta harufu ya dizeli, na ambayo kwa haki ya Mungu mara nyingi hupatia. (c) Kidolojia-mng’ao, ambapo dipstiki hugeuzwageuzwa juani hadi kitu kimetemete. (d) Kidolojia-mlambo, inayotafuta utamu wa maji ya rejeta. Glaikoli iliyomo katika maji hayo ni tamu kweli, na ni sumu kweli. Ndiyo sababu tawi la nne lina wahitimu wachache.

Siwadharau. Ila kuna hukumu moja ya kidolojia ambayo lazima ifutwe leo: “Oili imekufa, si unaona ilivyo nyeusi?” Oili ya dizeli kongwe huwa nyeusi kabla hujafika nyumbani kutoka gereji. Ule weusi ni masizi, na oili bora ndiyo inayoyabeba masizi hayo badala ya kuyaacha yatuame. Rangi haisemi lolote kuhusu beringi. Oili iliyobaki na rangi ya asali baada ya wiki mbili ndani ya 1HZ ndiyo inayotia shaka, kwani huenda hilo gari haliendi.

Sasa uchotaji. Hapa ndipo wengi hufeli, kwa kuwa hawajui kuwa tone si tone. Kuna tone-tangulizi, linaloruka nati ya sampu inapofunguliwa: hili hubeba tope la chini pamoja na vumbi la nje ya nati, na ushahidi wake haukubaliki. Kuna tone-mkia, lile linalodondoka wakati fundi ameshakwenda kunywa chai: nalo halikubaliki. Na kuna tone-kati, linalotiririka katikati ya mmwago huku injini ingali ya moto, oili ikiwa bado imechanganyika. Hilo pekee ndilo lenye hadhi ya kitaaluma. Anayetaka heshima zaidi hanyanyui hata nati. Hupitisha mrija mpya katika tundu la dipstiki na kuvuta kwa pampu ya mkono, kila mara kwa kina kilekile. Chupa iwe ya maabara, safi na kavu. Chupa iliyowahi kubeba maji ya chumvi ya kusukutulia itatoa sodiamu, na sodiamu itamfanya mtu ashushe silinda hedi isiyo na kosa. Chupa iliyoachwa wazi juu ya boneti wakati jirani anapuliza vumbi kwa kompresa itatoa silikoni, na hapo tutakuwa tumeipima gereji, si injini.

Maabara hulichoma tone hilo kwa cheche za umeme, au kwa gesi ya agoni iliyopashwa moto hadi maelfu ya nyuzi, na kila madini hutoa mwanga wake maalumu unaopimwa kwa sehemu kwa milioni. Mwanafunzi asitishwe na neno milioni. Sehemu 100 za chuma katika lita 10 za oili, yaani kilo 9 hivi, hazifikii gramu 1. Familia zimegombana kwa gramu hiyo.

Tuyapange madini kwa vyeo. Chuma ni mkuu wao kwa wingi, wala si kwa ufasaha: kinatoka kwenye kuta za silinda, krenki, kemshafti na gia, hivyo kikipanda peke yake kimesema tu kwamba kuna jambo. Kromu husemea ringi. Aluminiamu husemea pistoni, lakini ikifuatana na silikoni ujue hilo ni vumbi, maana udongo una zote mbili. Risasi na bati hutoka kwenye ngozi ya juu ya beringi za zamani. Shaba iko tabaka la chini yake. Kwa hiyo risasi ikitangulia na shaba ikafuata, ngozi imekwisha, na mlio wa kunoki uko njiani. Shaba ikija peke yake, bila risasi wala bati, mara nyingi imetoka kwenye kipoza oili au kwenye bushi, na mwenye gari hana sababu ya kulia. Sodiamu na potasiamu ni wapelelezi wa maji ya rejeta. Katika injini ya mashua ya uvuvi, sodiamu yaweza kuwa maji ya bahari yenyewe, na hiyo ndiyo injini pekee tunayoweza kusema kitaaluma kwamba imekula chumvi.

Silikoni inahitaji aya yake, maana silikoni ina nasaba tatu. Silikoni-asilia ni vumbi lililopenya: paipu ya hewa imelegea, au filta ya hewa imechanika baada ya kukung’utwa kwenye tairi. Nimewatazama kwa makini wanaokung’uta filta kwenye tairi. Hupiga mara tatu, huichungulia dhidi ya jua, hupiga tena kwa nguvu zaidi kama waliotukanwa, kisha huirudisha na kusema iko safi. Iko safi, na sasa ina matundu yasiyoonekana, ambayo yatatafuna ringi na silinda pamoja; hapo chuma, kromu na aluminiamu hupanda kwa mpigo. Silikoni-gundi hutokana na ile dawa ya kubandikia gasketi, ambayo mafundi wetu huipaka kwa ukarimu usio na kipimo. Hupanda baada ya injini kufungwa upya, kisha hushuka. Silikoni-halali ni kiasi kidogo kinachotiwa kiwandani kuzuia oili isitoe povu. Asiyezitenganisha nasaba hizi tatu arudi sehemu ya silikoni-gundi asome upya.

Baada ya utangulizi huo tunaweza kuziainisha injini kongwe zenyewe.

Aina ya I, Injini Mnafiki. Hii haijawahi kumwagwa oili kwa sababu inajimwaga yenyewe. Inavuja kwa mbele, inavuja kwa nyuma, nyingine inaichoma na kuitoa kwa moshi wa buluu, na mwenyewe huiongeza lita kila wiki. Sampuli yake hurudi na chuma kidogo cha kutia wivu. Bila shaka! Kila lita mpya imekuja kuzimua ushahidi. Ndiyo maana fomu ya maabara ina nafasi ya kuandika oili iliyoongezwa, nafasi ambayo kwa desturi huachwa wazi au huandikwa “kidogo”. Kidogo si kipimo.

Aina ya II, Injini Mbarikiwa. Mwenyewe huchomoa dipstiki na kukuta oili imeongezeka. Hufurahi, huwaita majirani: gari langu halili oili, tena linaongeza! Mwanafunzi, injini haizai oili. Kilichoongezeka ni dizeli inayopenya kutoka nozeli mbovu au pampu iliyochoka, au ni maji. Maabara hupima uzito wa mtiririko kwenye nyuzi 100: oili ya daraja la 40 inatakiwa iwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki. Ikishuka chini ya hapo, dizeli imeingia na beringi zinaelea juu ya uji mwepesi. Ikipanda juu, masizi yamejaa. Ikikaa sawasawa wakati dizeli na masizi vyote vimeingia, kimoja kimeficha dhambi ya kingine, na mimi hukiita kisa hicho usawazishaji-haramu.

Aina ya III, Injini Ndefuoili. Ni ile ambayo tarehe ya kumwaga oili husogezwa hadi baada ya sikukuu. Hapa hupimwa akiba ya alkali, inayozima asidi zitokanazo na salfa ya dizeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, basi dawa hiyo hudumu zaidi kuliko zamani. Haidumu hadi Pasaka ijayo.

Aina ya IV, Injini Kimya. Hii ndiyo iliyoniweka macho miaka mingi. Ripoti safi, madini yote chini, na baada ya mwezi beringi imegeuka. Sababu yake ni ya kimaumbile: mashine ya mwanga huona chembe ndogo tu, zisizozidi mikroni 5 hadi 10 hivi. Beringi inapoanza kubanduka vipande, vipande hivyo ni vikubwa mno kwa mashine. Hupita mbele yake kama havipo, vikaenda kulala kwenye filta. Kwa hiyo kila anayepeleka chupa maabara apasue pia filta ya zamani, akunjue karatasi zake, azipitishie sumaku, kisha atazame. Kwa unyonge mkubwa wa kitaaluma nakiri kwamba katika hatua hii kidolojia-mng’ao hurejeshewa hadhi yake.

Aina ya V, injini mpya. Haituhusu.

Limebaki kosa kubwa kuliko yote, nalo ni la wapokea-majibu. Wapo wanaosoma sampuli moja kana kwamba wamepigiwa ramli. Mmoja huona shaba 40, jioni hiyohiyo anauza gari kwa hasara. Mwingine huona chuma 60, hucheka. Wote wawili hawajasoma mwenendolojia, tawi letu la juu kabisa. Chuma 60 baada ya kilomita 5,000 ni sehemu 12 kwa kila kilomita 1,000. Chuma 60 baada ya kilomita 10,000 ni sehemu 6. Tarakimu ni ileile, ila injini ya pili inachakaa kwa nusu ya kasi ya mwenzake. Sampuli ya kwanza humjulisha mtu mahali injini yake iliposimama. Ya pili na ya tatu, kutoka injini ileile na kwa uchotaji uleule, ndizo zinazoonyesha inakoelekea. Mwenye 1HZ ambayo madini yake hayajasogea katika sampuli tatu mfululizo, na filta zake hazina vipande, hana haja ya kuishusha, hata kama binamu yake fundi amekwisha kununua gasketi.

Zoezi la nyumbani: leta sampuli tatu za injini moja, zilizochotwa tone-kati, pamoja na filta zilizopasuliwa. Kwenye kila lebo andika aina ya oili, lita ulizoongeza, kilomita za injini, na kilomita za oili tangu ilipomwagwa mara ya mwisho. Chupa itakayokuja bila kilomita haitapokelewa, na aliyeandika “kidogo” atarudia mwaka.